Daraja la Digidigi

Paukwa!
Pakawa!
Aa, mmelala? Paukwa!
Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na mto mpana, na mvushaji mmoja tu: Kiboko. Ukitaka kuvuka, unapanda mgongoni kwake. Lakini kwanza umwimbie. "Kiboko baba, Kiboko bwana, bila wewe hatuvuki!" Usipoimba, anazama, bwii, unabaki ukingoni na miguu yako minne.

Siku moja Digidigi akaletewa habari. Mama yake amefariki, ng'ambo. Akakimbia, tipu tipu tipu, mpaka mtoni.

"Nivushe, Kiboko. Nakwenda kumzika mama."

"Imba."

"Mwenye msiba haimbi sifa, baba."

"Basi mwenye msiba havuki!"

Wanyama wakamnong'oneza, "Imba kidogo tu, mwenzetu. Ya nini kushindana na mkubwa?"

"Siimbi!"

Kiboko akazama, bwii. Kutoka ng'ambo Digidigi akasikia vilio vya mazishi. Mama akazikwa bila yeye. Iliuma, jamani, msiniulize ilivyouma.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa Mnana, yule ndege anayesuka viota juu ya maji.

"Mnana, waweza kusuka daraja?"

"Nasuka nyumba, njia itanishinda? Lete ukindu."

Digidigi akaleta ukindu, Mnana na nduguze wakasuka. Suka, kaza. Suka, kaza. Kiboko akawatazama, akacheka mpaka maji yakafurika. Kisha akaibuka, kwap! Akalikata daraja vipande viwili.

"Tulikwambia," wakasema wanyama.

"Mmeniambia. Sasa nisaidieni kubeba," akajibu Digidigi. "Tunasuka jingine, juu zaidi."

Wakaona haya, wakabeba. Nyani wakafunga kamba kwenye vilele vya miti, huku na huku. Suka, kaza. Suka, kaza. Kiboko akaibuka tena, kwap! Akatafuna hewa.

Siku ya kuanua matanga, Digidigi akavuka. Katikati ya daraja akasimama, akaimba kwa sauti yake yote. Huko chini Kiboko akainua masikio.

"Ehee! Hatimaye umeniimbia!"

"Namwimbia mama yangu," akasema Digidigi, akaendelea na safari yake.

Basi, wakubwa kwa wadogo, sikieni: anayekuvusha kwa kukudhalilisha usimbembeleze, shirikiana na wenzako mjenge njia yenu.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya daraja. Anayetaka kuvuka na avuke, haimbishwi mtu.