Ngiri na Nyumba Isiyochunguliwa

Paukwa.

— Pakawa.

Pawe na nini?

— Pawe na shimo.

Shimo la nani?

— La aliyewahi.

Na aliyechelewa?

— Kalala nje.

Haya, sogeeni. Wewe uliyekaa mlangoni, ingia ndani. Hadithi hii haisikilizwi na mtu mwenye mgongo gizani.

Hapo kale, kale ambayo hata babu yake kobe aliisikia tu, wanyama wa mbuga ya Makorongoni walikaa majumbani. Mchimbaji alikuwa mmoja, Muhanga. Muhanga akichimba leo, kesho anahama, nyumba anaiacha wazi. Apitaye anaingia, analala, anashukuru. Hapakuwa na kuuza wala kununua.

Kikaja kiangazi cha miaka mitatu. Ardhi ikawa ngumu kama chungu kilichotoka tanuruni. Muhanga akachimba, kucha ikakatika. Akachimba tena, ya pili ikakatika. Ilipokatika ya tatu akatema mate chini, akaenda zake, asionekane tena. Nyumba zikabaki zile zile, na wanyama wanazaana. Hapo ndipo alipozaliwa dalali.

Dalali mwenyewe alikuwa Bweha. Nyumba hana, kuchimba hajui. Alichokuwa nacho ni miguu myepesi na mdomo.

Katika mbuga hiyo alikuwapo Ngiri, mama wa watoto watano. Siku moja wamo malishoni, nyumba yao ikaporomoka. Wakarudi wakakuta vumbi. Usiku wa kwanza walilala nje, Simba akachukua mtoto mmoja. Usiku wa pili akachukua mwingine. Wakabaki watatu: Kifunguamimba, wa kati, na Kitindamimba. Na Simba alikwisha kuijua njia.

Sasa mjue desturi ya ukoo wa ngiri. Ngiri mzima haingii nyumbani kwa uso. Watoto hutangulia, kisha mama hugeuka, akaingia kinyumenyume, pembe zake zikitazama mlangoni. Adui akija, akutane na pembe. Bibi yake aliingia hivyo, mama yake aliingia hivyo. Anayeingia kwa uso huitwa panya, na jina hilo atazikwa nalo. Desturi nzuri, sikatai. Ila ina kasoro: ngiri hajui kilichomo nyumbani mpaka makalio yake yafike.

Asubuhi ya tatu Ngiri akaenda kwa dalali, watoto wamemganda miguuni.

"Hodi, Bwana Bweha."

"Karibu, mama. Umekuja wakati wenyewe. Imebaki moja."

Bweha akawapeleka ukingoni mwa korongo. Shimo pana, lenye kivuli, limetazama mashariki. Ngiri akalipenda kabla hajafika.

"Tazama hiyo sakafu," Bweha akasema. "Laini kama imepigwa mwiko."

Kweli ilikuwa laini. Mlango mzima ulikuwa laini, kama kitu kizito kimepita pale mara nyingi.

"Alikaa nani humu?"

"Pimbi."

"Yuko wapi?"

"Amehama."

"Basi nichungulie kidogo."

"Uchungulie nini, mama? Wakati unachungulia, mwenzako ananunua. Nungunungu alikuja alfajiri, ametoa viazi mwitu vyote alivyofukia. Nimemwambia asubiri. Nimewaonea huruma hawa watoto."

Ngiri akawatazama wanawe. Alikuwa na viazi alivyofukia kwa ajili ya njaa. Akaenda akavifukua, akavitoa vyote. Bweha akavipokea, akasema, "Njoo kesho."

Usiku ule Ngiri hakulala. Alisimama kwenye kichaka cha miiba, watoto wako chini ya tumbo lake, anamsikiliza Simba akikohoa. Simba akikohoa mbali unaogopa. Akiacha kukohoa unaogopa zaidi.

Kulipokucha akaenda tena.

"Mama, mambo yameharibika," Bweha akasema, na uso ameukunja kama aliyefiwa. "Nungunungu ameongeza."

"Ameongeza nini?"

"Sitaki kusema maneno ya mteja. Ila wewe una lile dimbwi la matope."

Dimbwi lile Ngiri alilirithi kwa mama yake. Ndilo lililomwondolea kupe, ndilo lililompoza wakati wa jua. Akalitoa.

"Na baada ya Pimbi," akauliza, "alikaa nani?"

"Kicheche."

"Yuko wapi?"

"Amehama. Watu wa siku hizi, mama, hawatulii."

"Basi leo nichungulie."

"Kesho unaingia kabisa, ya nini kuchungulia leo? Unataka Nungunungu akuone unasitasita?"

Ngiri akarudi kichakani. Usiku ule hata kikohozi hakikusikika. Alfajiri Kitindamimba akaamka ana mkwaruzo mgongoni, damu imekauka, na mwenyewe hajui umetoka wapi. Ngiri akaulamba mkwaruzo ule, akasema moyoni: leo naingia, iwe isiwe.

Siku ya tatu Bweha akamzungusha mchana kutwa, mara mwenye nyumba hajafika, mara shahidi hajafika. Jua likashuka mpaka likakaa juu ya vilima. Ndipo wakafika ukingoni mwa korongo.

"Haya, mama, nyumba yako. Limebaki sharti dogo la mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni nani?"

"Mkubwa mmoja, hapendi kutajwatajwa. Anasema mnunuzi asichungulie. Aingie tu kama wanavyoingia kwao. Watoto kwanza, mama afuate kwa mgongo. Si ndiyo desturi yenu? Mimi desturi za watu naziheshimu sana."

Simba akakohoa, upande wa kichakani.

Kifunguamimba akasogea mlangoni, akaweka pua. Nduguye nyuma yake. Kitindamimba nyuma ya nduguye. Wamejipanga vizuri, watoto wenye adabu. Hatua moja na Kifunguamimba yumo.

Ngiri akashtuka. Huyu hakuniheshimu kwenye viazi, akawaza. Hakuniheshimu kwenye dimbwi la mama yangu. Heshima ya mlangoni imetoka wapi?

"Rudini," akasema.

"Mama, jua linazama," Bweha akahimiza.

"Rudini nyuma yangu. Natangulia mimi."

"Vyema," Bweha akasema. "Geuka basi."

"Sigeuki. Naingia kwa uso."

Bweha akacheka. Akacheka kwa sauti ili wengine wasikie. "Enyi nyani, enyi kanga, njooni mtazame. Leo kuna panya mwenye pembe."

Wakaja. Makorongoni hakuna anayekosa la kutazama. "Panya," wakasema nyani. "Panya, panya," wakaitikia kanga. Nyani mmoja mzee akasema, "Mwacheni, njaa imemgeuza kichwa kikawa mkia." Wakacheka mpaka wakashikana. Ngiri akahisi masikio yanamwaka moto. Akamkumbuka mama yake, akamkumbuka bibi yake, akakaribia kugeuka.

Hakugeuka. Akainama, akaingia kwa uso.

Hatua ya kwanza hakuona kitu. Giza tupu.

Hatua ya pili akasikia harufu, baridi, kama mayai yaliyosahauliwa.

Hatua ya tatu, ukuta ukasogea.

Ngiri akasimama. Ukuta ulikuwa na madoadoa. Ulikuwa unapumua, taratibu, kama mtu aliyelala na hajalala. Ulizunguka chumba chote, duara juu ya duara, na mwisho wake kulikuwa na kichwa, na kichwani macho mawili yamemtazama. Alikuwa Chatu.

"Umekosea kuingia," Chatu akasema polepole. "Niliambiwa mtakuja kwa mgongo. Na watoto mbele."

Ngiri akaelekeza pembe mbele.

"Pimbi aliingia kwa uso kama wewe," Chatu akasema. "Aliponiona akageuka akimbie. Njia ya humu ndani ni nyembamba. Ukigeuka unakwama. Kicheche naye aligeuka. Haya nawe, geuka."

Mnyama mwingine angegeuka. Lakini Ngiri, tangu aanze kukua, kila jioni ya maisha yake alitembea kinyumenyume. Hakuna mnyama mbugani aliyejua kurudi nyuma kama yeye. Chatu alipojikunja arushe kichwa, Ngiri hakugeuka. Alirudi nyuma mbio, mzimamzima, vumbi likatimka. Meno ya Chatu yakagonga pembe, kah. Yakagonga tena, kah. Mara ya tatu yakauma hewa.

Huku nje Bweha alikuwa ameinama, sikio lake limewekwa mlangoni. Ndivyo alivyofanya siku ya Pimbi, ndivyo alivyofanya siku ya Kicheche. Alikuwa anasubiri kimya kiingie mle ndani, akishakisikia aende kumtafuta mteja mwingine. Hakusikia kimya. Alisikia kishindo, na kabla hajainua kichwa, makalio ya Ngiri yakampiga usoni akaanguka chali. Ngiri akapita juu yake, akawakumba watoto wake, wakabingirika pembeni.

Chatu akatoka nyuma yake kwa hasira. Aliyemkuta mlangoni ni Bweha.

"Bwana mkubwa, ni mimi," Bweha akasema. "Ni mimi, dalali wako."

"Nakujua," Chatu akasema. "Uliniahidi wanne. Sioni hata mmoja."

"Nipe mpaka kesho."

"Leo nina njaa."

Akamzunguka mara moja. Akamzunguka mara ya pili. Akamzunguka mara ya tatu. Kisha akarudi ndani taratibu, na sakafu ile ikazidi kulainika.

Na Bweha naye akahama.

Nyani hawakucheka tena. Walikuwa juu ya miti. Kanga wametawanyika. Ukingoni mwa korongo akabaki Ngiri na watoto watatu. Hana viazi, hana dimbwi, hana nyumba. Jua limekwisha, na Simba anakohoa karibu.

"Mama Ngiri," sauti ikaita kutoka kwenye mawe.

Alikuwa Nungunungu, miiba imemsimama mwili mzima.

Hasira zikampanda Ngiri. "Wewe. Wewe ndiye uliyenipandishia bei mpaka nikamaliza vya mama yangu."

"Mimi?" Nungunungu akasema. "Bei gani? Mimi sijatoa hata kiazi kimoja. Nina nyumba yangu pale kwenye mawe, ndogo. Bweha alikuja akaniambia, 'Mama Ngiri anaitaka nyumba yako, ana pembe, atakutoa kwa nguvu, bora uniuzie mimi kwa haraka.' Siku ya tatu hii nimejifungia kwa kukuogopa wewe."

Wakatazamana. Siku tatu nzima kila mmoja anamwogopa mwenzake, na katikati yao hapakuwa na kitu ila mdomo wa Bweha.

Simba akakohoa. Karibu zaidi.

"Sikiliza," Nungunungu akasema. "Mimi mchana nalala, usiku natembea kutafuta riziki. Wewe mchana unatembea, usiku unalala. Nyumba yangu usiku haina mtu. Njooni."

Wakakimbia mpaka kwenye mawe. Mlango ulikuwa mwembamba. Ngiri akaweka pua, akasimama.

"Ndani hamna mtu," Nungunungu akasema. "Lakini chungulia. Kuhurumiwa si sababu ya kuacha kuangalia."

Ngiri akachungulia. Akanusa kila kona. Akaona mizizi, miiba iliyodondoka, na udongo mkavu. Akaupanua mlango kwa pembe zake, akapanua mpaka damu ikamtoka puani. Watoto wakaingia. Naye akageuka, akaingia kinyumenyume kama bibi yake. Nungunungu akabaki nje, ameketi mlangoni, miiba wazi. Simba akaja, akanusa. Akaona miiba, na nyuma ya miiba pembe. Akakaa kitako muda mrefu, anawasikiliza watoto wanavyopumua. Kisha akainuka akaenda.

Tangu siku hiyo nyumba ile ikawa na wenyewe wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku. Aliyeamka humtandikia anayelala.

Asubuhi Ngiri akapita korongoni na wanawe kwenda malishoni. Akakuta foleni mbele ya lile shimo. Kuna sungura na wanawe, kuna nguchiro na wanawe, kuna kalunguyeye na nyegere. Mlangoni amesimama Fisi, anasema, "Msisukumane, jamani. Imebaki moja."

Ngiri akawaambia, "Mle mna Chatu."

Wakamtazama. "Huyu si ndiye panya wa jana?"

Akawaambia mara ya pili, "Mle mna Chatu, nimemwona kwa macho yangu."

Fisi akatabasamu. "Mnaona wenyewe. Anawatisha mtoke, aje ainunue yeye."

Akawaambia mara ya tatu. Nyegere peke yake akatoka kwenye foleni, akamshika mwanawe mkono, akaondoka bila kusema neno. Nafasi yake ikazibwa hapo hapo. Wengine wakasukumana kusogea mbele, kila mmoja anamwogopa aliye nyuma yake. Anayepaswa kuogopwa alikuwa ndani, amelala, ameshiba, na siku ya kuona njaa itafika.

Basi nawaambieni wazi, mimi sijui kupaka maneno mafuta. Dalali mwongo hana nyumba ya kuuza. Anachouza ni woga wako, na wewe mwenyewe ndiye unayemletea. Anayekuharakisha uingie, jiulize ana haja gani nawe ndani. Ongea na mnunuzi mwenzako kabla hujamchukia. Na nyumba ichungulie kwa uso wako, hata mbuga nzima ikuite panya, kwa maana panya mzima ni bora kuliko ngiri aliyehama.

Hadithi yangu imefika kizingitini. Aliyeipenda aingie nayo kwake. Aliyeichukia ampelekee Fisi akaiuze. Mimi nimefunga mlango.