Siku Mtani Aliposema Kweli

Leo siwaletei hadithi ya sungura. Nawaletea swali, na atakayenijibu nitamshukuru, maana brashi inanikaukia mkononi.

Kijijini kwetu Litumbwe kuna watu watatu wenye vipaji. Kikoti ana ulimi: akifungua kinywa, hata mfiwa hucheka. Yustina, mhudumu wa zahanati, ana miguu: baiskeli yake haijui mlima. Mama Odilia, mpishi wa shughuli zote, ana kumbukumbu: atakwambia mwaka juzi ulikula sinia gani na nani. Mimi Mbano ni mchora mabango tu, na nilichokifanya mimi mtakisikia, ingawa sijivunii.

Mwaka ule homa mpya ilikuwa ikizunguka dunia. Nchi ilisema imejiandaa. Uwanja wa ndege walipima watu joto, mipakani wakaongeza askari, na zahanati yetu ikaletewa bango lenye namba ya simu ya dharura. Tukalala usingizi. Kisha baba yangu mkubwa akarudi kutoka kuuza tumbaku ng'ambo ya mto wa mpakani, akaugua siku nne, akafa.

Kwetu Wangoni, Mhehe ni mtani. Msibani huja kututania, huweza hata kulala kaburini mpaka apewe kuku, na kukasirika ni mwiko. Kikoti ni Mhehe aliyeoa kwetu. Siku ile alisimama mlangoni, akatandaza mikono.

"Msimwoshe! Ugonjwa huu niliuona kule mpakani nilipokuwa nachoma mkaa. Anayegusa maiti anakufa."

Nilikuwa wa kwanza kucheka. "Wewe Mhehe," nikasema, "mwaka jana ulituambia marehemu alikuwa na kipindupindu, kumbe ulitaka wali ubaki wako peke yako. Leo unataka nini, ng'ombe?"

Msiba mzima ukaangua kicheko. Hata mkewe, Skolastika, alicheka, akapita chini ya mkono wake, akaingia kuosha.

"Shemeji, kweli jamani," Kikoti akaniambia, machozi yakimtoka. Tukamsifu kwamba leo amejua kuigiza.

Siku ya sita Skolastika akashikwa na homa. Yustina, ambaye naye alikuwa amecheka, akayakumbuka maneno ya Kikoti. Akapiga ile namba ya dharura. Ikaita mara tisa, haikupokelewa. Gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. Basi akachukua damu ya mgonjwa, akaifungia kwenye kasha la chanjo, akaendesha baiskeli kilomita sabini hadi maabara, mvua ikimpiga. Aliporudi na majibu, Skolastika alikuwa ameshakufa. Kikoti alimviringisha kwenye turubai, akamzika peke yake, wala hakutokea mtu wa kumtania.

Wataalamu walipofika waliuliza jambo moja: nani aligusa, na nani alikula na aliyegusa? Mama Odilia akafumba macho, akaanza kutaja sinia kwa sinia, watu thelathini na wanane, hata dereva wa lori la mahindi aliyekuwa anaondoka jioni hiyo kwenda mji mkuu. Mmoja tu alimruka: mwanawe. Alimtaja kesho yake, akilia, na kwa kuchelewa siku ile moja tulizika wawili zaidi. Makaburi yakawa kumi na moja. Lakini wote wakatengwa, na homa ikaishia Litumbwe. Huko mjini hakuna aliyejua alivyoponea chupuchupu.

Sasa tumejengewa zahanati mpya, na tumeambiwa ipewe jina la mtu mmoja aliyeiokoa nchi. Mkutano ukaitwa.

"Yustina!" walisema wengine. "Bila maabara mpaka leo tungekuwa tunatafuta mchawi."

"Mama Odilia! Bila yeye lori lingefika mjini."

Yustina akasema, "Mimi nilichelewa siku sita." Mama Odilia hakuinua uso.

"Na Kikoti je? Si ndiye aliyesema kwanza?"

"Alisema, lakini nani alimwamini? Na nani alituzoesha kutomwamini?"

Kikoti akasimama. Hajasema neno, watu wameshaanza kutabasamu.

"Andikeni jina mnalotaka," akasema. "Ila siku ya kuifungua, msiniite niwachekeshe."

Tukacheka. Haki ya Mungu, tulicheka, na mimi tena wa kwanza. Kisha tukamwona uso, kila mtu akatazama miguu yake. Naona haya mpaka sasa ninapowasimulia.

Ubao umeegemea ukutani kwangu. Nimeandika "Zahanati ya", nikakwama, na Jumamosi wanakuja kuuchukua. Mmoja alionya, mmoja alikwenda, mmoja alikumbuka. Ungemwondoa yeyote kati yao, nchi nzima ingezika. Nami niliyecheka ndiye niliyepewa brashi.

Haya, wewe uliyenisikiliza: ungeandika jina la nani?