Swali Lililorukwa

Wapendwa, juma lililopita waajiri wa mji wetu waliitwa kwenye semina. Walikuwa wakifundishwa sheria ya kuwapima wafanyakazi dawa za kulevya na kuchunguza mtu alikotoka kabla ya kumwajiri. Mimi nilialikwa kufungua kwa sala tu, niende zangu. Lakini nilipoona chai inakuja na maandazi, nikaona si vibaya kukaa kidogo. Nikakaa mpaka mwisho. Msinicheke, baadhi yenu tulikuwa meza moja na sahani zenu niliziona.

Mwalimu wa semina alisema mengi, na mengine yalinipita juu ya kichwa. Ila kuna hatua moja aliitaja haraka haraka, katikati ya nyingine, na hakuna aliyeacha andazi lake kumsikiliza. Hatua hiyo nimetembea nayo juma zima. Sitawaambia sasa hivi ni ipi. Nitawapa mfano, mtaiona wenyewe ikipita.

Kulikuwa na tajiri mmoja wa malori. Ni mtu wa mfano tu, kwa hiyo msianze kugeukiana na kuulizana ni nani. Na alikuwa mtu mzuri. Nasema hivyo mapema kwa sababu nawajua, mkisikia tajiri kwenye mahubiri mnajua tayari anakwenda motoni. Huyu alilipa mishahara kwa wakati. Dereva wake akifiwa, anatoa gari la kupeleka mwili nyumbani na mafuta juu.

Miongoni mwa madereva wake alikuwepo mmoja mtu mzima, mpole, aliyekuwa naye tangu kampuni ina lori moja bovu. Malori yalipeleka saruji na vyuma mgodini, na huyu ndiye aliyekuwa akitangulia mbele na wenzake kumfuata. Hakuwa na maneno mengi. Kazi yake na jina lake zuri ndivyo vilivyokuwa vikilisha watoto wake.

Sasa binti wa tajiri akafanyiwa sendofu, ile sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Dereva yule, siku yake ya kupumzika, akaenda nyumbani kwa tajiri kusaidia. Hakuitwa. Alikwenda tu kama sisi tunavyokwenda kwenye shughuli ya mtu wetu. Wakabeba friji kubwa la vinywaji, mwenzake akateleza, uzito wote ukamwangukia yeye, na mgongo ukagoma. Akakaa kwenye ngazi, jasho linamtiririka. Tajiri alipomkuta pale alimhurumia kweli. Akaingia chumbani, akatoka na vidonge amevifunga kwenye tishu, vile vilivyombakia alipong'olewa jino. Akamwambia anywe kila usiku mpaka viishe, yeye mwenyewe vilimsaidia akalala kama mtoto mchanga.

Huo ndio ukarimu wetu. Nani humu ndani hajawahi kumpa jirani dawa iliyobaki kabatini? Daktari wetu pale nyuma anatikisa kichwa. Nakuona, daktari, na una haki, siku yako ya kutugombeza itafika. Leo niachie.

Shughuli ikaisha vizuri, binti akaaga, wageni wakala. Dereva akanywa vidonge vyake na mgongo ukaanza kutulia. Tajiri akavisahau vile vidonge kama mtu anavyosahau kiberiti alichomwazima jirani.

Haikupita muda, mgodi ukatoa agizo kwamba dereva yeyote atakayeingia langoni lazima awe amepimwa. Tajiri hakunung'unika. Alileta wapimaji mpaka yadini kwake, kule malori yanakoegeshwa, na akataka kila kitu kifuatwe. Madereva walielezwa, wakaridhia kwa saini zao. Kila mmoja alipewa kikopo chake kipya, na mtaniwia radhi kwa habari za haja ndogo hapa mbele, lakini ndiyo kazi yenyewe. Vikopo vikafungwa mbele ya mwenyewe. Tajiri alisimama pale tangu mwanzo mpaka mwisho, na moyo wake ulifurahi kuona mambo yanakwenda kwa sheria.

Majibu yakatoka. Wote wako safi, isipokuwa mmoja. Kikopo cha yule mpole kilionyesha mambo ya jamii ya unga, yaani heroini. Ninyi hapo mmeshajua yametoka wapi. Tajiri hakujua.

Ndani ya ofisi kulikuwa na dada aliyekuwa akisimamia mambo ya wafanyakazi. Akamkumbusha tajiri kwamba bado hatua moja. Mtu huyu aitwe ndani peke yake, aulizwe kama kuna dawa yoyote anayotumia, na kikopo kipelekwe maabara kubwa kikapimwe tena, ndipo uamuzi utolewe.

"Nimuulize nini tena?" tajiri akasema. "Kipimo kimeshajibu."

Hakuwa na hasira mbaya. Alikuwa ameumia. Mtu aliyemwamini kuliko wote ndiye amemwangusha, na nje malori yameshapakia, mgodi unasubiri. Akatoka mpaka katikati ya yadi, madereva wote wamesimama, akamtaja mwenzao kwa jina, akasema amekutwa na dawa za kulevya na kuanzia saa hiyo si mtu wa kampuni.

Dereva hakupiga kelele. Alimwangalia tajiri kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. Akangoja. Tajiri akageuka, akarudi ofisini. Basi dereva akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya tairi la mbele, akatoka getini.

Mama uliyeketi pale mbele, nakuona unavyonitazama. Unajiuliza mbona hakusema. Hata mimi nilijiuliza. Nivumilie.

Dereva yule alitafuta kazi yadi zote za mji. Kila aendako wanampenda kwa uendeshaji wake, halafu wanafanya wanavyotakiwa kufanya, wanapiga simu kwa mwajiri wa zamani kumuulizia. Na tajiri alijibu kwa upole kila mara kwamba kwa kweli ni dereva mzuri, ila alipimwa akakutwa. Hapo je, alisema uongo? Hakusema hata neno moja la uongo. Na kila simu ilifunga mlango mmoja. Mtaani jina likabadilika, wakaanza kumwita teja, mla unga. Mkewe akiingia dukani, mazungumzo yanakatika. Mwisho akawa anaponda kokoto kando ya barabara ile ile aliyokuwa akiongoza malori.

Ikafika siku tajiri akaitwa mgodini kusaini mkataba mkubwa kuliko yote aliyowahi kupata. Akaendesha gari lake mwenyewe, na jino jingine lilikuwa likimsumbua, akawa amerudia vidonge vile vile. Langoni akaambiwa kila anayeingia anapimwa, mgeni na mwenyeji, mkubwa na mdogo. Akacheka, akasema hilo si tatizo, yeye sheria hiyo anaijua.

Mpimaji alikuwa mama mmoja wa makamo, nesi mstaafu. Kabla hajampa kikopo, akamkaribisha kiti, akafunga mlango, akamuuliza: "Baba, siku hizi kuna dawa yoyote unatumia? Hata ya kikohozi, hata uliyopewa na jirani?"

Tajiri akamwambia ni za jino tu, na akazitaja. Nesi akaitikia, wakaendelea. Kipimo kikatoka, na kikaonyesha mstari ule ule wa jamii ya unga. Nesi wala hakushtuka. Akamweleza kwamba vidonge hivyo asili yake ni moja na unga, na kipimo kile cha haraka hakina macho ya kutofautisha. Kikopo kitakwenda maabara kubwa, na yeye akae hapo anywe chai bila wasiwasi, isipokuwa kurudi asiendeshe, amwachie mtu mwingine gari.

Chai ikaletwa. Tajiri ameshika kikombe, hanywi. Ilikuwa imemrudia ile tishu, ile ngazi, lile jasho. Akamgeukia nesi.

"Mama, na kama usingeniuliza?"

"Basi leo ungerudi kwenu ukiitwa teja," nesi akamjibu, akaendelea na kazi zake.

Wapendwa, tajiri yule hakuingia kusaini mkataba. Alitafuta wa kumwendesha, akarudi mpaka kwenye lile lundo la kokoto. Dereva alipomwona alisimama, akafuta mkono kwenye suruali ili amsalimie, akamkaribisha. Tajiri akakaa chini pale pale kwenye mawe, na suti yake. Akaeleza yote ya langoni. Akaomba radhi. Halafu akauliza lile mnaloniuliza ninyi kwa macho tangu muda ule.

"Ndugu yangu, mbona hukusema kwamba mimi ndiye niliyekupa?"

Dereva akamjibu.

"Nilidhani unakumbuka, tajiri."

Mmesikia? Alidhani anakumbuka. Akamweleza taratibu, bila kumsuta. Siku ile yadini alijiambia moyoni kwamba mwenye dawa si yupo, amesimama hapa hapa, atasema mwenyewe. Akamngoja. Tajiri alipomtaja jina na kugeuka, akajua basi, mkubwa ameamua iwe hivyo.

"Ningesimama mbele ya madereva wako wote niseme wewe ndiye uliyenipa? Ningekuwa nimekuvua nguo," alisema. "Lakini ungeniita ndani, tukawa wawili, ningekukumbusha."

Tajiri alilia. Alilia kama mtoto, magari yanapita, watu wanamwona. Kwa miezi yote ile yeye alidhani amesalitiwa, na mwenzake naye anaponda mawe akidhani ametupwa kwa makusudi. Na kilichokuwa kati yao ni swali moja ambalo halimalizi hata chai ya kikombe kidogo.

Akamsihi arudi kazini. Dereva akakubali, maana watoto wanakula kila siku. Ila aliomba jambo moja tu. Jina lake lilichafuliwa katikati ya yadi, mbele ya madereva wote. Basi na lisafishwe katikati ya yadi hiyo hiyo, mbele ya hao hao.

Asubuhi yake tajiri akapiga kengele, akasimama pale pale. Alisema kila kitu na hakujificha popote. Lakini alipowatazama waliosimama mbele yake, hawakufika hata nusu ya wale wa siku ile. Wengine walikuwa wamelala foleni mpakani Tunduma, wengine wako Kongo, wengine walishahama kampuni. Akapiga simu zile yadi alizozijibu zamani. Baadhi hawakupokea, baadhi wakamwambia sawa tumesikia, nafasi tulishajaza. Na mpaka leo, kwenye vibanda vya chai vya mpakani, kuna dereva anamsimulia mwenzake habari za mpole mmoja aliyekutwa na unga. Hasemi uongo. Alisikia kwa masikio yake, kwa mwenye kampuni.

Sasa tuje kwetu.

Waajiri mliomo humu, msiende nyumbani mkisema mchungaji amekataza kupima watu. Pimeni. Dereva aliyelewa atatuulia watoto barabarani, na anayetaka kulea wazee wetu au kulinda nyumba zetu ni haki achunguzwe alikotoka. Lakini fuateni sheria yote, msichague ile mnayoipenda. Kikopo tunakipenda kwa sababu hakitutazami usoni. Kumwita mtu pembeni na kumuuliza, hapo ndipo tunapoona tuna haraka, malori yamepakia, wateja wanasubiri.

Na wewe usiye na kampuni, usiketi hapo ukidhani leo nimewahubiria wenye malori. Yule binti wa kazi uliyemtoa na begi lake kwa sababu ya simu iliyopotea, na simu ikaja kuonekana chini ya kochi, ulimtafuta? Yule mwanakwaya tuliyemsimamisha kwa sababu ya maneno tuliyoletewa, kuna aliyekwenda kwake kumuuliza? Na wewe mume, ule ujumbe uliouona kwenye simu ya mkeo ukanuna nao mwezi mzima, ulimuuliza, au ulijijibia? Tunaona kidogo, tunahukumu kikubwa, halafu tunasema mimi sikusema uongo, nilisema nilichoona.

Mungu wetu anajua yote. Hakuna kikopo anachokihitaji. Na bado mtu alipoharibu kule bustanini, Mungu hakuanza na hukumu. Alikuja na swali, akauliza uko wapi, akamwacha mtu aseme. Yeye aliyekuwa na habari zote aliuliza. Sisi ambao hatuna hata robo ya habari ndio hatuna muda wa kuuliza.

Nami nawaambia kwa upendo, yupo mtu mahali fulani ambaye mpaka leo anadhani unakumbuka. Hakujitetea, ukachukua kimya chake kuwa ndiyo kukiri kwake. Kumbe alinyamaza kwa heshima, anakungoja umalizie sentensi.

Mlipoingia humu mliombwa mzime simu zenu. Mkitoka mtaziwasha, nawajua, kabla hata ya kufika mlangoni. Basi wa kwanza kumpigia leo awe huyo ambaye jina lake limekujia sasa hivi. Na usianze kwa kujieleza. Anza kwa kumuuliza.