Mifuko Miwili ya Ujira

Wamepokezana wasimulizi, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Sham palikuwa na nyumba ya tiba iliyowekwa wakfu kwa ajili ya maskini. Watoto walitibiwa na matabibu wawili: Mahfudhi, na Bibi Ruwaida, mjane aliyefundishwa tiba na marehemu babake. Walisoma vitabu vile vile, wakagawana wagonjwa sawa kwa sawa. Ruwaida alikuwa hamgusi mtoto ila kwanza amepasha viganja vyake moto juu ya makaa, asije akamshtua.

Ujira ulitolewa kila mwezi ulipoandama. Wanaume walikabidhiwa barazani. Wanawake walipelekewa nyuma ya pazia, kwa hiyo hakuna aliyejua fungu la mwenziwe. Mwezi mmoja mtumishi wa kupeleka aliugua. Msimamizi wa wakfu, Sheikh Dhakwani, akampa Mahfudhi mifuko miwili: wake, na wa Ruwaida ampelekee. Mahfudhi akaishika, mmoja kulia, mmoja kushoto. Mkono mmoja tu ndio uliolemewa.

"Sheikh, hapa pamepita kosa. Huu mwepesi, kama nusu ya wangu."

"Hapana kosa. Huo ni wa mwanamke."

"Na kazi yetu ni moja!"

Sheikh akacheka. "Kazi gani? Kubembeleza watoto ni maumbile yao. Hata paka hulea. Nimlipe mtu kwa maumbile yake?"

"Wallahi, paka hajui kupima dawa."

"Basi sikiliza, bwana mwenye huruma. Chungu cha wakfu ni kimoja. Ukitaka mlingane, nitapunguza kwako. Nipunguze?"

Mahfudhi akaufutika mfuko wake kibindoni. Mkewe alikuwa mja mzito, na paa la nyumba yao lilivuja. Akaupeleka ule mfuko. Ruwaida akaupokea na kusema, "Alhamdulillahi," na neno hilo likamchoma Mahfudhi kuliko tusi.

Tangu hapo akaanza kuona ambayo hakuwa akiyaona. Viganja vya mwenziwe vilikuwa vimechanika kwa kufulia watu nguo baada ya kazi, naye akivipaka mafuta ili visiwakwaruze wagonjwa. Baridi ikaingia, ikatoka, Mahfudhi bado kimya.

Hata siku moja, Mahfudhi akiwa karibu, kibinti aliyekuwa akipona homa akamwuliza Ruwaida, "Bibi, wewe huna mtoto?"

"Ninaye, mwanangu. Anaitwa Lamya."

"Yuko wapi?"

"Yuko kwa watu. Kwangu chakula hakikumtosha."

Akaendelea kumlisha uji. Mahfudhi ndiye aliyeshindwa kusimama pale. Akatoka, akaenda moja kwa moja kwa mkewe, Hamida, akamweleza yote.

"Na paa je?" Hamida akauliza.

"Litavuja."

Hamida akashika tumbo lake. "Basi tutalala upande mkavu. Nenda ukaseme, mume wangu."

Akaenda, akasema mbele ya watu wote wa barazani: "Sheikh, uliniuliza kama upunguze. Punguza." Watu wakataka kujua habari yenyewe, Mahfudhi akawaeleza, na Sheikh, kwa kuona haya, akayalinganisha mafungu. Kisha Mahfudhi akaenda na mkewe, akamweleza Ruwaida kila kitu, pamoja na kimya chake.

Ruwaida akajifunga ushungi. "Ungeniambia mapema, ndugu yangu," akasema. Hakuongeza lawama nyingine. "Nisindikizeni nikamchukue mwanangu."

Mahfudhi na mkewe wakafuatana naye. Walipobisha hodi, Lamya alichungulia, kisha akajificha nyuma ya mwanamke aliyemlea.

"Mama, huyu nani?" akalia. Wala mama aliyemwita hakuwa Ruwaida.

Ruwaida hakumvuta. Akaketi kizingitini, akasema kwa upole, "Mwacheni. Nitakuja kesho, na kesho kutwa, mpaka anizoee." Mahfudhi akageukia ukuta, akalia.

Ndugu zangu katika imani, Mahfudhi alirudisha haki, na Mola hampotezei ujira mwenye kurudisha. Lakini kilichorudi ni fedha tu. Basi anayejua kuwa mwenziwe anapunjwa asiseme, "Nitalisema mwezi ujao." Huenda mahali fulani kuna mtoto anayesahau uso wa mama yake.