Viatu vya Bibi Namkunda

Paukwa!

"Pakawa!"

Aa, hiyo pakawa gani? Leo hamjala? Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sasa nimewasikia. Zamani hizo, kabla bibi yake bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji chini ya mlima. Nyuma ya kijiji palikuwa na tope. Si tope la mvua, msinicheke! Tope la moto, linachemka lenyewe bila kuni, kutwa kucha: bwata! bwata! bwata-bwata! Kama uji wa harusini.

Katikati ya tope hilo palikuwa na kidimbwi kimoja cha vuguvugu. Mwenye magoti mabovu akijipaka tope la pale, anarudi kwao anatembea. Watu walitoka mbali kulifuata. Lakini njia ya kufika pale ilihama. Jana pagumu, leo ganda jembamba tu, na chini ya ganda: bwata! bwata!

Aliyeweza kuitafuta njia hiyo alikuwa mtu mmoja, Bibi Namkunda. Kila asubuhi alitangulia, miguu peku, na wageni nyuma yake, peku vilevile. Anakanyaga. Anasimama. Anaimba:

"Tope, tope, leo umelala wapi?"

Unyayo ukisikia moto, anakwepa. Unyayo ukisikia baridi, anasonga.

Siku moja akaja mjumbe wa mfalme, tumbo mbele. Katikati ya njia Bibi akasimama. "Geuka."

"Mimi nimetumwa na mfalme!"

"Mfalme hajakanyaga hapa. Mimi nimekanyaga. Geuka."

Wakageuka. Hawajafika kwenye majani, nyuma yao: bwataa! Pale aliposimama mjumbe pakawa shimo. Mjumbe alikimbia hata kuaga akasahau.

Sasa, Bibi alikuwa na mtoto mmoja tu, Senzota, fundi wa viatu vya ngozi. Fundi hasa! Na watu wakamcheka gulioni: "Fundi wa viatu, mama yake peku!" Yakamwingia. Akashona viatu vya ngozi ya nyati, soli nene kama mkate, akampelekea mama yake.

"Mama, vaa."

"Mwanangu, kule macho yangu ni nyayo. Siwezi."

Siku ya pili: "Mama, vaa."

"Siwezi, baba. Vizuri kweli, lakini siwezi."

Siku ya tatu: "Mama, unaniaibisha. Vaa!"

"Siwezi, Senzota."

Akasusa. Mwanamume mzima na ndevu zake, akasusa! Mama akipika, hali. Mama akiita, haitiki. Ugali ukapoa asubuhi, ukapoa jioni, siku mbili nzima.

Siku ya tatu ya kususa, Bibi akatoka nje. Akamwona mwanawe amekaa, amempa mgongo. Akavichukua vile viatu, akavivaa.

"Haya, geuka uone. Vimenikaa?"

Senzota akaruka, akacheka, akaita majirani waje waone. Akaingia ndani, akala ugali wote.

Bibi akaenda kwenye tope, viatu miguuni, majirani wakimtazama; angevivua, Senzota angeambiwa kabla ya jioni. Wageni walikuwa wanangoja. Akawaambia, "Leo kaeni hapa kwenye majani. Natangulia peke yangu." Hakuna aliyeuliza kwa nini. Hakuna! Hapo ndipo mimi hukasirika kila ninapoisimulia.

Akakanyaga. Akasimama. Akaimba:

"Tope, tope, leo umelala wapi?"

Nyayo kimya. Akakanyaga tena. Nyayo kimya. Akakanyaga: pwaa!

Senzota alisikia mayowe akiwa bado ananawa mikono. Akakimbia, akafuata alama za viatu alivyoshona mwenyewe, akamtoa mama yake. Miguu ilikuwa imeungua mpaka magotini.

Siku tano alimuuguza. Siku ya tano akapata moyo wa kuuliza.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukunikataza?"

"Nilikukataza mara tatu, mwanangu. Ya nne nikaona afadhali ule."

Akafa. Senzota alilia mpaka sauti ikakauka. Akatupa sindano, akatupa ngozi, akavua viatu vyake, na asubuhi akaenda kwenye tope akaimba wimbo wa mama yake. Lakini miguu yake ililelewa ndani ya ngozi tangu utotoni. Ilikuwa laini, ilisikia moto kila mahali. Hatua tatu, anarudi. Kesho hatua tatu, anarudi. Akazeeka hivyohivyo pale ukingoni, na wagonjwa wakawa wanafika, wanatazama kile kidimbwi kwa mbali, wanarudi kwao wanachechemea.

Basi nyinyi mnaowapenda wazee wenu, na najua mnawapenda, mkiwapa kitu wakasema hapana, msikieni hapana ile ya kwanza. Msiwasumbue mpaka wakubali kwa kuwaonea nyinyi huruma.

Nami hadithi yangu naiachia hapo. Viatu vyenu viko mlangoni, kila mtu achukue vyake.