Majina Kumi na Moja

Mtu mmoja alikuwa na mafundi wawili wa kuchonga maandishi kwenye mawe. Mghanga alichonga herufi nene, nguzo zake pana, ncha zake zimefungwa kwa vistari vifupi kama vijiguu, kila moja imekaa imara kama mtu aliyesimama kwao. Hizo ndizo zilizotakiwa kwa majina ya shule na makanisa, maana hata aliye ng'ambo ya barabara alizisoma. Mwadime alipewa herufi nyembamba za chini, tarehe na majina na aya, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi na jiwe lilibeba mengi.

Lakini Mwadime hakuuona mkono wake. Aliuona wa mwenzake. Wapita njia wakisifu maandishi ya juu, aligonga patasi yake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Akikutana na kazi ya Mghanga ukutani, alivuka njia asiisome, na hata huko aliisoma.

Ikatokea machimbo ya vito yakaporomoka, yakaua watu kumi na mmoja. Wanakijiji wakaagiza jiwe la ukumbusho. Mghanga akachonga juu neno moja, TUWAKUMBUKE, akaenda kwenye kazi nyingine. Bwana wao akamchorea Mwadime mistari kumi na mmoja kwa chaki, akamweleza kwamba herufi nene hutaka nafasi ya kupumua, kwa hiyo majina yawe membamba, yote yaenee.

Bwana alipotoka, Mwadime akaifuta chaki. Akachonga jina la kwanza kwa herufi nene kuliko zile za Mghanga. Likampendeza, akachonga la pili. Alipomaliza la nane, jiwe lilikuwa limejaa. Yale matatu yaliyobaki akayakwaruza chini kabisa, ukingoni, akijiambia kwamba hakuna atakayehesabu. Akalifunika jiwe kwa gunia.

Siku ya kulisimika, gunia lilipoondolewa, watu walistaajabu. Wakauliza fundi ni nani, na Mwadime akapiga hatua mbele. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, moyo wake ukatulia.

Mama mmoja aliyeitwa Wakesho, ambaye mwanawe alifia machimboni, akalikaribia jiwe. Akapitisha kidole jina kwa jina, taratibu, mpaka pale jiwe lilipozama ardhini, asilione la mwanawe. Akachutama, akaufukua udongo kwa mikono yake, akalikuta la mwanawe. Hakulia. Aligeuka akamtazama fundi.

"Fundi," akasema, "machimbo yalimzika mwanangu mara moja. Mbona wewe umemzika tena?"

Mwadime akapiga magoti kando yake, akaanza kuyafukua yale mawili yaliyobaki, na watu wote wakimtazama.

Nanyi mnaonisikia, mliotaka kuonekana kama jirani anavyoonekana: mlipojinenepesha, ni nani aliyekosa mahali?