Kila Kitu Kiitwe Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, lakini si kale sana maana simu zilikuwepo, kiangazi kilikausha mito. Kindi akakaa ofisini akaandika programu ya simu ya kuwaonyesha wanyama wapi pana maji. Tap, tap, tap!

Mkuu wake wa kazi alikuwa Kiboko. Hajui kuandika hata mstari mmoja wa programu, ila kutunga sheria, weee!

"Kindi! Mwongozo wa uandishi huu hapa." Akabwaga karatasi mezani, puu! "Kila kitu ndani ya programu kiitwe Kiboko. Kila kitufe, kila taarifa!"

"Mzee, jina linatakiwa lieleze kazi. Kisima kiitwe kisima. Mwenye kiu atajuaje abofye wapi?"

"Mimi ndiye kiboko yao hapa! Hutaki, mlango ule pale, na programu yako naitupa."

Kindi akaumia roho. Wanyama wafe kwa kiu kwa kiburi cha mmoja? Ng'o!

"Haya, mzee. Kila kitu? Bila kuacha hata kimoja?"

"Hata kimoja!"

"Basi tia sahihi."

Kiboko akatia, akijisifu.

Siku ya uzinduzi wanyama walijaa uwanjani. Ngiri akapewa simu asome kwa sauti. Akabofya, ting!

"Karibu Kiboko."

Kiboko akachekelea, meno yote nje.

Ting! "Tahadhari! Hapa pamejaa Kiboko."

"Hee!" wakaguna wanyama.

Ting! "Kiboko ananuka. Ukinywa Kiboko utaharisha."

Kwa kwa kwa! Twiga alicheka mpaka akakaa chini.

"Kindi! Umenitukana!" akanguruma Kiboko.

"Nimekutukana wapi? Penye neno maji nimeandika Kiboko. Penye neno uchafu nimeandika Kiboko. Sahihi yako hii hapa."

"Liondoe jina langu! Lote! Sasa hivi!"

"Mwongozo wako hauniruhusu, mzee." Kindi akachomoa karatasi nyingine. "Labda tufuate huu wangu: kila jina lieleze kazi yake. Tia sahihi, mbele ya wote."

Kiboko akatia mbio mbio, kalamu ikimponyoka. Kindi alikwisha kuandaa programu yenye majina sahihi, akaifungua pale pale, tap!

Ngiri akasoma: "Kisima salama. Kusini, hatua mia tatu."

Wanyama hao, mbio kwenye maji!

Basi wanangu, anayetaka jina lake libandikwe kila mahali, asinune likibandikwa na penye uchafu.